Shahada ya Anthropolojia na Maneno Yake

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayofika mezani petu mara kwa mara ni hili la walimu na wafasiri: somo la anthropolojia liitweje kwa Kiswahili? Wako wanaopendelea "elimu ya binadamu". Wako wanaopendelea "elimu ya jamii", ingawa jina hilo limekwisha kuzoeleka kwa maana nyingine. Na wako wanaosema kwamba jina la asili ya Kigiriki libaki lilivyo, livikwe tu sauti za Kiswahili. Swali ni la haki, na jibu lake si refu. Lakini tulipolichunguza tuliona kwamba jina la somo ndilo jepesi kuliko yote. Mazito ni maneno yaliyomo ndani ya somo: kabila, kaya, mahari, mtoa habari. Hayo ndiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukutana nayo darasani kwa Kiingereza, huenda nayo kijijini kwa Kiswahili, kisha hurudi nayo chuoni na kuyaandika kwa Kiingereza tena. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, mengi hupotea njiani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi somo hili lilivyoingia katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, na jinsi historia hiyo ilivyoacha alama yake katika istilahi tunazotumia. Hoja yetu ni moja. Anthropolojia ilikuwa elimu juu yetu kabla haijawa elimu yetu. Mtu anayetafuta istilahi zake bila ya kuijua historia hiyo hutafsiri maneno pamoja na dharau iliyokuwa imefichwa ndani yake.

Elimu ya maofisa

Yafaa ikumbukwe kwamba hapo mwanzo anthropolojia haikuwa somo la vijana wanaotafuta shahada ya kwanza. Huko Oxford, E. B. Tylor alianza kuifundisha kwa cheo rasmi mwaka 1884, na mwaka 1905 chuo hicho kiliunda kamati ya kusimamia stashahada ya somo hilo. Miongoni mwa waliosomeshwa Oxford na Cambridge walikuwamo vijana wa Kiingereza waliokuwa wakiandaliwa kwenda kutawala Sudani. Katika bara letu, kiti cha kwanza cha uprofesa wa anthropolojia ya jamii kilianzishwa Cape Town mwaka 1921, kikakaliwa na A. R. Radcliffe-Brown. Basi tangu mwanzo elimu hii ilikuwa na wateja wawili: mtaalamu aliyetaka kujua, na mtawala aliyetaka kutawala kwa gharama ndogo.

Katika Tanganyika wateja hao wawili waliwahi kuketi meza moja. Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931, aliutia mkazo utawala wa kupitia kwa machifu. Utawala wa namna hiyo ulihitaji kujua nani ni chifu wa nani, na kwa desturi gani. Baadaye kidogo, katika Wilaya ya Iringa, mwanaanthropolojia Gordon Brown na ofisa wa utawala Bruce Hutt walifanya jaribio: ofisa aliuliza maswali yanayohusu kazi yake, na mwanaanthropolojia akayatafutia majibu miongoni mwa Wahehe. Kitabu chao kilitoka mwaka 1935. Wahehe ndio waliojibu maswali yote. Hawakuwa na nafasi ya kuuliza hata moja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi hii ilipata makao yake Makerere. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika ya Mashariki ilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1940, na kuanzia mwaka 1950 iliongozwa na Audrey Richards. Mwaka 1949 Makerere yenyewe ilikuwa imepandishwa daraja ikawa chuo kikuu kishiriki, wanafunzi wake wakipata shahada za Chuo Kikuu cha London. Lakini taasisi hiyo ilikuwa ya watafiti. Haikuwa darasa la vijana wa shahada ya kwanza. Msomaji wa jarida hili atapenda kujua pia kwamba Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, ilihamishiwa Makerere mwaka 1952. Waliosanifu lugha na waliochunguza jamii wakawa majirani. Hata hivyo, vitabu vya wachunguzi wa jamii viliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wa Kiswahili hakuwa miongoni mwa waliotarajiwa kuvifungua.

Wanafunzi wa kwanza

Waafrika wa kwanza wa eneo hili kuisoma anthropolojia iliwabidi wavuke bahari. Anayejulikana zaidi ni Jomo Kenyatta, aliyesoma London chini ya Bronislaw Malinowski katika miaka ya 1930. Kazi aliyoandika huko juu ya Wagikuyu ilichapishwa mwaka 1938 kwa jina la Facing Mount Kenya, na mwalimu wake akaiandikia utangulizi. Kenyatta aliitumia elimu ya watawala kutetea ardhi na heshima ya watu wake. Lakini hata yeye, katika jina dogo la kitabu hicho, aliyaita maisha ya Wagikuyu maisha ya kikabila. Alichukua silaha ya mwenzake, na silaha ile ilikuwa na mpini wake.

Aliyeukataa mpini huo waziwazi ni Okot p'Bitek wa Uganda, aliyesoma anthropolojia ya jamii Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba katika muhadhara wa kwanza kabisa alimsikia mwalimu akiwataja Waafrika kwa majina ya ushenzi na ukabila. Akapinga, asisikilizwe. Kwa mtu wa istilahi, kisa hiki kina uzito wa pekee. Okot hakugombana na takwimu wala na nadharia. Aligombana na maneno. Aliona kwamba maneno yakishakubaliwa siku ya kwanza ya masomo, mengine yote yatafuata yenyewe.

Jina lililokimbiwa

Nchi zetu zilipopata uhuru, somo hili lilikuwa na jina baya. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikianza na sheria, na masomo ya jamii yakafuata. Idara iliyochukua kazi ya kuchunguza jamii iliitwa idara ya sosholojia. Sababu si ngumu kuelewa. Sosholojia ilionekana kuwa elimu ya jamii zote, Ulaya na Afrika, mjini na shamba. Anthropolojia ilionekana kuwa elimu ya "wenzetu walio nyuma". Taifa lililokuwa likijenga umoja halikutaka kumkabidhi kijana wake shahada ya kuwachunguza ndugu zake kama viumbe wa ajabu.

Lakini kubadili kibao cha mlangoni si kubadili yaliyomo chumbani. Walimu wa idara hiyo walikuwamo waliofunzwa kama wanaanthropolojia. Mmoja wao ni Archie Mafeje, Mwafrika wa Afrika ya Kusini, aliyesoma Cambridge. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi ya kufundisha anthropolojia, kisha kikaifuta kwa shinikizo la serikali ya Makaburu, na wanafunzi wakafanya mgomo wa kukalia jengo la chuo. Mafeje akaja Dar es Salaam, akaiongoza idara ya sosholojia. Mwaka 1971 alichapisha makala juu ya itikadi ya ukabila ambayo bado husomwa. Hoja yake moja ni ya istilahi tupu: alisema kwamba lugha za wenyeji wa Afrika ya Kusini zina neno la taifa, zina neno la ukoo na neno la mlango wa ukoo, lakini hazina neno la kile Wazungu walichokiita kabila. Mwaka mmoja kabla yake, Aidan Southall, aliyefanya kazi Makerere kwa miaka mingi, naye alikuwa ameandika kwamba kabila kwa sehemu kubwa ni njozi ya waandishi na watawala.

Huko Nairobi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na Taasisi ya Taaluma za Kiafrika, iliyoongozwa kwanza na mwanahistoria Bethwell Ogot, na Okot p'Bitek mwenyewe akafanya kazi humo. Ilianza kama mahali pa utafiti. Mafunzo ya shahada ya kwanza ya anthropolojia yakaja katika miaka ya 1980. Leo Nairobi inatoa shahada hiyo kwa jina lake kamili, na Dar es Salaam idara inaitwa ya Sosholojia na Anthropolojia. Jina lililokimbiwa limerudi, na sasa wanaolibeba ni vijana wetu. Ndiyo maana swali la istilahi zake limekuwa la leo.

Somo la utani

Kabla ya kuyafikia maneno yenye matatizo, tutaje moja lililofaulu. Mwaka 1940 Radcliffe-Brown aliandika juu ya uhusiano wa watu wanaoruhusiwa kutukanana na kuchukuliana vitu bila ya kukasirikiana. Kwa Kiingereza ilimbidi atumie fungu la maneno kulieleza jambo hilo. Miaka hiyohiyo R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, aliandika juu ya jambo hilo Tanganyika na akalitaja kwa jina lake: utani. Tangu hapo neno utani limeingia katika maandishi ya wataalamu wa dunia bila ya kutafsiriwa.

Katika miaka ya 1970, katika idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi walikusanya habari za utani kutoka pande mbalimbali za nchi, na Stephen Lucas akazihariri. Kijana aliyeandika juu ya utani hakuwa mgeni aliyeshangaa kuona mtu akinyang'anywa jeneza msibani na watani. Alikuwa mtani wa mtu. Alijua lini neno ni mzaha na lini limevuka mpaka. Hapa elimu haikuanza na neno la Kiingereza lililotafutiwa Kiswahili chake. Ilianza na neno lenyewe, ikaliuliza maana yake. Kwa maoni yetu huu ndio mfano wa kufuatwa.

Maneno manne

Sasa tuyatazame maneno manne ambayo mwanafunzi hawezi kuyakwepa.

La kwanza ni kabila. Neno hili ni la asili ya Kiarabu na limekaa katika Kiswahili muda mrefu. Lakini mipaka yake haikuwa siku zote hii ya leo. Waswahili wa Mombasa walijigawa katika mafungu kumi na mawili, tisa na matatu, na mafungu hayo waliyaita mataifa: Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Yaani jambo ambalo mwandishi wa kikoloni angeliita kabila au ukoo, wenyewe waliliita taifa. Leo taifa ni nchi nzima, na kabila limebanwa katika maana ya watu wa lugha na asili moja. Badiliko hilo lina siasa ndani yake. Tangu sensa ya mwaka 1967 hakuna sensa ya Tanzania iliyomwuliza mwananchi kabila lake, ilhali sensa za Kenya zimeendelea kuuliza. Mfasiri anayeandika "kabila" kila anapokutana na neno la Kiingereza hufanya kazi ya Mafeje kuwa bure. Mahali pengi panapozungumzwa watu wa nasaba moja, ukoo au mbari vinatosha. Panapozungumzwa wasemaji wa lugha moja, tuseme hivyo.

La pili ni kaya. Kwa mtumishi wa serikali Tanzania, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, na mkuu wa kaya ndiye anayejibu maswali ya karani wa sensa. Kwa Mmijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni mji wa kale ndani ya msitu, penye makaburi na viapo. Misitu hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwanafunzi akiuliza Kilifi "Kaya yenu ina watu wangapi?" huenda akajibiwa kwa kicheko au kwa kimya. Neno si baya, ila halina budi kuelezwa. Istilahi isiyo na fasili yake ni mlango usio na komeo.

La tatu ni mahari. Hapa Waingereza wenyewe waliwahi kusahihishana. Mwaka 1931 E. E. Evans-Pritchard alitoa hoja kwamba jina lao la zamani, lenye maana ya bei ya bibi harusi, liachwe, kwa kuwa mke hanunuliwi. Akapendekeza jina lenye maana ya mali ya ndoa. Inasikitisha kuona kwamba jina lile waliloliacha wao bado linajitokeza katika tafsiri za Kiswahili kama "bei ya mke". Kiswahili hakikuwa na haja ya kosa hilo. Lakini mahari nayo ina jambo la kuangaliwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya mke mwenyewe. Kwa Wagogo, ambao Peter Rigby aliandika kitabu juu ya ng'ombe na ujamaa wao mwaka 1969, ng'ombe wa ndoa hugawanywa miongoni mwa jamaa wa mke. Neno ni moja, mambo ni mawili. Watu wa pwani walitofautisha: mahari ya mke, kilemba cha baba yake, mkaja wa mama yake. Mwalimu wa sheria za ndoa na mwanafunzi wa anthropolojia wote wawili wanahitaji tofauti hiyo, na haikuundwa na kamati yoyote.

La nne ni mtoa habari, yaani yule mtu anayekaa mbele ya mtafiti na kumweleza. Jina hili linanuka upelelezi. Wengine husema mhojiwa, na hilo linanuka kituo cha polisi. Sisi tunaona kwamba neno mwenyeji lafaa zaidi. Tunajua kwamba wakoloni walilitumia kwa kuwataja watawaliwa wote kwa jumla, na kwamba wapo wasomaji watakaolikataa kwa sababu hiyo. Lakini Waswahili walikuwa nalo kabla ya mkoloni, na kwao mwenyeji ni mtu mwenye mahali, anayempokea mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika utafiti mara nyingi mgeni ndiye aliyepona peke yake.

Kitabu kilichobadili jina

Tusidhani kwamba kuandika mambo haya kwa Kiswahili ni jambo jipya. Mwaka 1903 kilichapwa Ujerumani kitabu Desturi za Wasuaheli. Sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Humo mna ndoa, jando na unyago, ngoma, safari, deni na sheria, vyote kwa Kiswahili cha mtu aliyeviishi. Lakini jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa la Carl Velten, aliyekusanya. Mtoro alikuwa "mtoa habari". Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, jina la Mtoro ndilo lililowekwa mbele. Ilichukua miaka 78 mtoa habari kuitwa mwandishi.

Katika kipindi hicho wengine waliifuata njia yake. Petro Itosi Marealle aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947. Mathias Mnyampala, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa ngonjera zake, alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954. Hawakuwa na shahada ya anthropolojia. Walikuwa na maneno yake.

Hitimisho

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, jibu letu ni kwamba jina anthropolojia libaki. Limekwisha kuingia vinywani, linapatana na sosholojia na saikolojia, na halimdhuru mtu. Nguvu zetu tuzielekeze kwenye maneno ya ndani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ya somo hili itolewe pamoja na fasili na mfano wa mahali inapotumika, hasa kwa maneno kama kaya na mahari ambayo yana maana zaidi ya moja. Pili, wafasiri wa madodoso na nyaraka za serikali wavifungue vitabu vya Mtoro, Marealle na Mnyampala kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza. Tatu, idara za vyuo vikuu zimtake kila mwanafunzi anayeandika tasnifu ya shahada ya kwanza aambatishe orodha ya maneno aliyoyapata kwa wenyeji, kwa Kiswahili au kwa lugha yao, pamoja na maelezo yao. Kurasa mbili au tatu zatosha. Zikikusanywa mwaka hadi mwaka, zitalipa Baraza hazina ambayo afisa istilahi hawezi kuipata akiwa ofisini.

Kijana wa leo anayesoma shahada hii amekaa pande zote mbili za jamvi. Akiwa na daftari ni mgeni. Akivuliwa viatu mlangoni ni mwenyeji. Ni matumaini yetu kwamba siku atakapoandika aliyoyasikia, bibi aliyemweleza ataweza kusomewa maneno hayo na kuyatambua kuwa ni yake.